Mtoto mchanga anacheua maziwa: isome dalili kabla ya kutafuta dawa

Tandika kanga safi mezani, jaza maziwa kwenye kijiko cha chakula, yamwage. Kijiko hicho kinabeba mililita 15 tu, lakini tazama doa linavyotambaa: linapita kiganja chako kwa upana, na ukigeuza kanga unalikuta limeshapenya upande wa pili. Mama akiingia chumbani kwangu na kusema "nesi, huyu anarudisha yote aliyonyonya", huwa namwomba tufanye hilo kwanza. Mara nyingi mtoto amerudisha kijiko kimoja au viwili, ila kanga imemfanya mama aamini ni kikombe kizima.

Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto, kwenye zahanati ya kijiji wilayani Uyui, mkoa wa Tabora. Habari za kucheua nazisikia kila siku ya kliniki. Kilichonisukuma kuandika ni yale tunayowafanyia watoto ili wasicheue. Nimeona mtoto mzima kabisa akiumizwa na tiba, na nimeona mtoto mgonjwa kweli akicheleweshwa nyumbani kwa sababu kila aliyemwona alisema "wote hucheua". Kwa hiyo nitakwenda na kile unachokiona kwa mwanao, halafu sababu yake, halafu la kufanya.

## Kinachotokea ndani

Mahali umio, njia ya chakula kutoka kooni, unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaobana na kuachia, mfano wa kamba ya mdomo wa mfuko. Kwa kichanga msuli huo haujakomaa. Unaachia ovyo, na kila unapoachia, maziwa yaliyochanganyika na asidi ya tumbo hupanda juu. Ongeza na haya: umio wake ni mfupi, chakula chake chote ni cha majimaji, na sehemu kubwa ya siku amelala. Ndiyo maana angalau watoto 4 kati ya 10 hucheua. Kwa kawaida huanza kabla ya wiki ya 8, huzidi karibu na mwezi wa 4, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa na kula vyakula vizito. Kufikia umri wa mwaka 1, watoto 9 kati ya 10 wameacha.

Tuelewane kwenye maneno pia, maana mara nyingi mimi nauliza hili na mama ananijibu lile. Kubeua ni kutoa hewa. Kucheua ni maziwa kutiririka mdomoni bila mtoto kujikaza, yakiwa mabichi au yameganda kidogo kama mtindi. Kutapika ni tumbo kujikamua: mtoto anajikunja, uso unabadilika, na kinachotoka kinatoka kwa nguvu.

## Dalili za kuondoka nazo nyumbani sasa hivi

Naziweka hapa juu kwa makusudi, kwa sababu anayezihitaji hana muda wa kusoma hadi mwisho.

Ya kwanza ni matapishi ya kijani, rangi ya maji ya kisamvu. Hiyo ni nyongo. Kwa mtoto mchanga inaweza kumaanisha kwamba utumbo umejisokota na njia imeziba, na utumbo uliosokotwa hukosa damu, ukafa ndani ya saa chache. Usingoje asubuhi. Usingoje baba arudi kutoka shamba. Ukiwa Tabora mjini nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Ukiwa kijijini nenda kituo kilicho karibu, na neno la kwanza unalolisema mlangoni liwe "ametapika kijani", kabla hata hujaulizwa jina la mtoto. Usimlazimishe kunyonya njiani. Mfunike apate joto na muulize mhudumu kama anyonye au asinyonye.

Ya pili ni matapishi yanayoruka. Mtoto ana wiki 3, 4 au 5, amekuwa akinyonya vizuri, halafu anaanza kurusha maziwa yakatua mbali na yeye, kila baada ya kunyonya, na siku zinavyokwenda inazidi. Kinachowapotosha watu ni kwamba mtoto huyu hana homa wala haonekani mgonjwa. Akimaliza kutapika anataka titi tena, kwa pupa, kama hajanyonya tangu jana. Nepi zinakaa kavu, uzito unashuka. Ukimtazama tumboni akiwa ananyonya unaweza kuona kama wimbi likipita chini ya ngozi. Hapo msuli wa mlango wa kutokea chakula tumboni umenenepa hadi maziwa hayapiti kwenda kwenye utumbo. Huwapata zaidi watoto wa kiume, na zaidi wazaliwa wa kwanza. Tiba yake ya kawaida si dawa ya kunywa; mtoto huongezewa maji na chumvi za mwili kwanza, halafu hufanyiwa upasuaji mdogo, na baada ya hapo hunyonya na kukua kama wenzake. Akicheleweshwa kwa wiki mbili za kujaribishwa mizizi, anafika hospitali amekauka, na upasuaji rahisi unakuwa wa hatari.

Mengine yote ya kukimbilia kituo siku hiyohiyo: damu kwenye matapishi au kwenye choo, tumbo lililovimba na kuwa gumu, utosi uliotuna akiwa ametulia, degedege, mtoto aliyelegea au anayekataa kunyonya, kuacha kupumua kwa muda au midomo kugeuka rangi ya samawati. Kwa mtoto chini ya miezi 2, joto la kwapani kuanzia nyuzi 37.5, au ubaridi wa chini ya nyuzi 35.5, ni hatari peke yake. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, hesabu mara ya pili, na zikibaki hapo nenda. Kutapika kunakoanza baada ya miezi 6 kwa mtoto ambaye hakuwa akicheua nako usikuite kucheua.

Neno moja kuhusu damu. Chuchu ikiwa na mpasuko, mtoto humeza damu ya mama na kuicheua ikiwa michirizi ya kahawia. Hilo hutokea, lakini liamuliwe kliniki baada ya kuliangalia titi, lisiamuliwe nyumbani. Na mama anayetumia ARV akiona chuchu inatoka damu, aje siku hiyohiyo; kwa muda huo atashauriwa kunyonyesha upande mwingine.

## "Anacheua kila akinyonya, lakini anacheka"

Huyu ndiye mtoto wa kawaida, na tiba yake ni mzani. Toa kadi ya kliniki. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, hurudia uzito wake wa kuzaliwa ndani ya wiki 2, kisha katika miezi 3 ya kwanza huongezeka takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku. Aliyezaliwa na kilo 3.1 akafika wiki ya 6 ana kilo 4.2 anakula na kushiba, hata kama amelowesha kanga zote za nyumba. Hesabu na nepi: kuanzia siku ya 5 au ya 6, anayepata maziwa ya kutosha hukojoa angalau mara 6 kwa siku, usiku na mchana.

Vipimo hivyo viwili vikikaa sawa, usimpe kitu. Mpakate akiwa wima kifuani mwako dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya, usimrushe, usimbadilishe nepi kwa kumkunja miguu hadi tumboni, na utafute vitambaa vingi zaidi vya kuwekea begani.

## "Anapaliwa maziwa yakishuka"

Ananyonya nusu dakika, ghafla anaachia titi, anakohoa, macho yanamtoka, maziwa yanarukia usoni mwake. Akirudi kunyonya anagugumia kwa haraka, na baada ya muda anacheua mengi. Sababu hapa ipo kwenye titi lenyewe: limejaa mno na maziwa yanashuka kwa nguvu kuliko anavyoweza kumeza.

Kwetu hili lina msimu wake. Kuanzia mvua za Novemba, mama anatoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anabaki na bibi, na saa 8 mchana mama anarudi matiti yamejaa hadi yanauma. Mtoto naye ana njaa ya nusu siku. Wawili hao wakikutana bila maandalizi, nusu ya maziwa itaishia kwenye gauni.

Ukifika, nawa mikono, kaa, kamua kidogo kwanza kwenye kikombe safi mpaka titi lilainike na ule mruko wa mwanzo uishe. Halafu egemea nyuma ukutani, mtoto alale juu ya kifua chako, ili maziwa yamfikie kwa kupanda. Mwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Bora zaidi ni asikae na njaa muda wote huo. Asubuhi kabla ya kuondoka kamua uache maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali penye kivuli, bibi amnyweshe kwa kikombe kidogo. Kwa joto letu yasikae zaidi ya muda wa saa 4. Kama shamba lina kivuli na mtu wa kumshika, nenda naye.

## "Akiwekwa mgongoni tu, anamwaga"

Hili ni jepesi. Tumbo likiwa limejaa, mbeleko iliyokazwa inalibana dhidi ya mgongo wako, na mama akiinama kupalilia au kupuliza jiko analibana zaidi. Ngoja nusu saa baada ya kunyonya ndipo umfunge, na fundo la mbeleko lisipite kwenye tumbo lake. Vivyo hivyo kwenye bodaboda: barabara za vumbi zenye matuta zinamkamua mtoto aliyetoka kunyonya. Nyonyesha mapema, mbeulishe, ndipo mpande.

## "Anameza hewa, tumbo linakuwa ngoma"

Msikilize anaponyonya. Anayeshika titi vizuri humeza kwa sauti ndogo ya "ka", kisha hutua. Ukisikia mlio wa ulimi kama mtu anayeita kuku, au ukaona mashavu yanabonyea ndani, hakushika vizuri. Mtoe kwa kupitisha kidole safi pembeni mwa mdomo wake, umshikize upya: mdomo wazi kabisa, kidevu kikigusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi ya titi ionekane zaidi juu kuliko chini. Mwili wote ukuelekee wewe, siyo shingo peke yake. Nimewahi kumshikiza mtoto upya mara 3 mbele ya mama yake na bibi yake, na wiki iliyofuata wakaja kuniambia gesi imeisha. Hawakutumia kitu kingine.

Mbeulishe katikati ya kunyonya na mwishoni. Mkalishe mapajani, kiganja kimoja kishikilie kidevu na kifua, kingine kimsugue mgongoni kwenda juu. Dakika 5 bila mbweu zinatosha. Si kila unyonyeshaji huingiza hewa.

Kwa anayetumia chupa, tundu la chuchu likiwa kubwa maziwa yanamwagika kooni, likiwa dogo mno anavuta hewa. Igeuze chupa juu chini: maziwa yadondoke tone kwa tone, yasichuruzike. Lakini kama lazima ipo ya kumpa maziwa nje ya titi, kikombe kidogo kinasafishika vizuri kuliko chupa, na mtoto mwenyewe ndiye anayepanga mwendo wake. Maziwa ya kopo yapimwe kwa kijiko chake na maji kama kopo linavyoelekeza. Ukiongeza unga ili "yashike tumboni" unampa chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza. Ukiongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, unampa njaa.

## "Anajipinda, analia, anagoma kunyonya"

Hapa ndipo asidi inapouma kweli kwa baadhi ya watoto. Mtoto anaanza kunyonya kwa hamu, anakatisha, anapinda mgongo na kurudisha kichwa nyuma, analia, anajaribu tena. Jaribu vipindi vifupi vya mara kwa mara badala ya kumjaza mara moja, na umshike wima zaidi anaponyonya. Fanya hivyo wiki nzima kabla ya kusema haisaidii.

Lakini kilio cha jioni, saa zilezile kila siku, kwa mtoto anayenyonya vizuri mchana kutwa na kuongezeka uzito, mara nyingi si asidi. Hiki ndicho wengi hukiita chango. Huzidi karibu na wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Kumbeba, kumwimbia, kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu, kumpokezana na baba au shangazi ili mama apumzike: hizo ndizo tiba zinazosaidia, na nazisema nikijua zinavyochosha.

Kama kuna upele unaowasha na choo chenye makamasi au michirizi ya damu pamoja na kucheua, nitauliza kuhusu maziwa ya ng'ombe. Wako watoto wachache ambao miili yao inapambana na protini ya maziwa hayo, hata ikipitia kwa mama anayekunywa maziwa au mtindi. Kliniki inaweza kumwomba mama aache kwa wiki 2 hadi 4 kisha ayarudie, ili tuone. Bila dalili hizo usijinyime. Akina mama wanakatazwa maharage, karanga, pilipili, hadi wanabaki na uji na chai, na anayenyonyesha anahitaji kula kuliko alipokuwa na mimba. Kula matobolwa yako, vile viazi vitamu vya kukausha, kula nsansa, zile mboga za majani za kukausha, na karanga zake.

## "Usiku naogopa atapaliwa akilala chali"

Mlaze chali. Najua wazee wanasema alale kifudifudi ili maziwa yatoke, na wanasema kwa kumpenda mtoto. Ila tazama mwili ulivyo: mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na umio chini yake. Maziwa yakipanda yanabaki chini, na ili yaingie kwenye njia ya hewa ingebidi yapande mlima. Ukimgeuza kifudifudi umeigeuza na njia: ya hewa sasa iko chini, maziwa yanaitiririkia. Na mtoto anayelazwa kifudifudi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufariki ghafla usingizini.

Alale pahali pa tambarare pasipobonyea, bila mto, bila furushi la kanga kichwani, chandarua kikiwa kimechomekwa vizuri. Kuinua kitanda kwa matofali hakujathibitika kusaidia, na mtoto huteleza akajikunja kidevu kifuani, hapo pumzi inabanwa.

## Moshi na tumbaku

Hili lazima nilitenge, kwa sababu tunaishi Tabora. Kutoka Urambo hadi Sikonge na Kaliua, familia nyingi zinakula kwa tumbaku, na siwezi kumwambia mtu aache kinacholipa ada ya shule. Ninachoweza kusema ni hiki: nikotini hulegeza uleule msuli wa mdomo wa tumbo niliouelezea, na hupita kwenye maziwa ya mama. Majani mabichi yaliyolowa umande hupitisha nikotini kwenye ngozi ya anayechuma. Ndiyo ile kizunguzungu na kichefuchefu cha wakati wa mavuno.

Kwa hiyo mama anayenyonyesha achume majani yakishakauka umande, avae mikono mirefu, na akirudi abadilishe nguo na kunawa kwa sabuni hadi ule utomvu mweusi utoke kwenye vidole, ndipo amshike mtoto. Mtoto asilale karibu na bani, lile banda la kukaushia tumbaku, linapokausha, wala kwenye chumba inapofungiwa tumbaku. Baba anayevuta avutie nje na abadilishe shati. Moshi wa kuni nao unamkohoza, na kila kikohozi kinakamua tumbo. Pikia kwenye hewa, mtoto akae upande upepo unakotoka.

## Anavyopewa ili "vishike tumbo"

Chini ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Maji yanajaza tumbo dogo bila kumlisha, na ya kisima yanaleta kuharisha. Uji mwepesi vilevile. Sijaona mtoto wa miezi 2 aliyepona kucheua kwa uji, nimeona waliofunga choo.

Asali naisema kwa uchungu kwa sababu ni fahari yetu. Ya miombo ya Tabora ni nzuri, naila mwenyewe. Mtoto chini ya mwaka 1 asiilambe hata tone. Asali yoyote inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtu mzima unazimudu, lakini kwa mtoto zinaota na kutoa sumu inayopoozesha: choo kinafunga, kilio kinakuwa hafifu, kunyonya kunapungua nguvu, shingo inalegea. Kuichemsha jikoni hakuziui. Ukimwona mtoto hivyo baada ya asali, hospitali.

Dawa za kupunguza asidi, mfano omeprazo, zina kazi yake kwa watoto wachache walioonwa na daktari. Kwa kucheua kwa kawaida hazizuii maziwa kupanda. Zinapunguza ukali wake tu, na asidi hiyo pia ni ulinzi dhidi ya vijidudu. Usizinunue dukani kwa makisio, wala usigawe kidonge cha mtu mzima.

## "Wanasema ni kimeo"

Mwanangu wa kwanza alicheua kupita watoto wote niliowahi kuwapima. Alipokuwa na miezi 2, mama mkwe alikuja kutoka Sikonge kutusaidia. Siku ya tatu akampakata, akambonyeza kidevu, akatazama kooni kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hiki kimeo kirefu. Ndicho kinamtapisha. Kuna mzee anakata, hata dakika haipiti."

Nilikuwa muuguzi tayari, na bado moyo ulinienda mbio, kwa sababu si mtu wa kumjibu kwa ukali. Nikamwambia, "Mama, kesho ni siku ya mzani. Twende wote, umshike wewe." Tukaenda. Akamweka mwenyewe kwenye mfuko wa mzani, akaona mshale, akaona mwenzangu anavyochora nukta kwenye kadi, juu ya ile ya mwezi uliopita. Akauliza, "Kwa hiyo amepanda?" Akaambiwa amepanda zaidi ya gramu 800. Alikaa kimya njia nzima. Jioni akaanza kunifulia vitambaa vya begani, na neno kimeo hakulirudia.

Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, na kila mmoja wetu anacho. Maziwa yanayocheuliwa yanatoka chini kabisa, kwenye mdomo wa tumbo. Yanapita tu karibu na kimeo yakija nje. Kukikata hakugusi msuli unaoachia. Kinacholetwa na wembe huo ni kutoka damu, usaha, pepopunda, virusi vya UKIMWI kama kifaa kimetumika kwa mwingine, na kidonda kooni kinachomfanya mtoto agome kunyonya kabisa. Mtoto wa kilo 4 ana damu ya takriban mililita 320 mwilini mwote. Ni kama chupa moja ya soda. Hana ya kumwaga.

Vivyo hivyo yale yanayoitwa meno ya plastiki. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni meno yake halisi yanayojiandaa kuota. Yakichokolewa hayataota vizuri, na kutapika kutaendelea.

Ukibanwa na wazee, usibishane. Waombe waje kliniki nawe. Wengi wanataka kuona mtu akifanya jambo kwa ajili ya mjukuu wao, na kumpima ni jambo.

## "Anacheua na haongezeki"

Mstari wa kadi ukilala au kushuka kati ya kliniki mbili, basi huyu si mcheuaji wa kawaida tena, hata akicheka. Inaweza kuwa hapati maziwa ya kutosha, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, ambayo kwa kichanga huweza kujionyesha kwa kutapika na kudhoofu tu, inaweza kuwa ule mlango wa tumbo unaobana, au asidi imechubua umio hadi anaogopa kunyonya. Usingoje chanjo ya wiki ya 10 au ya 14 ndipo umpime. Njoo siku yoyote.

Nitakuuliza maswali, na majibu yake yaandike siku 2 au 3 kabla kama mtoto hana dalili yoyote ya hatari: anacheua muda gani baada ya kunyonya, yanatiririka au yanaruka, yana rangi gani, amekojoa mara ngapi, choo kikoje, na amepewa nini kingine, pamoja na vile alivyopewa na bibi. Hilo la mwisho nieleze lote, hakuna nitakayemgombeza. Njoo hujamnyonyesha, ili anyonye mbele yangu nione anavyoshika titi na anavyomeza.

Na rangi ikikutia shaka, ile kanga usiifue. Ifunge kwenye mfuko uje nayo niione.